Kesi Imekwisha, Karatasi Iko Wapi?

Namna ya kupata kumbukumbu za kesi ya jinai katika korti za Uganda, pamoja na maneno machache kwa madereva wanaovuka mipaka



Mara nyingi mwanachama hufika katika ofisi ya tawi akasema, "Mimi kesi nilishinda." Akiulizwa hukumu iko wapi, hana. Alimsikia hakimu akisema yuko huru, akashukuru, akaenda zake nyumbani. Mwajiri naye anajibu kwamba habari za kushinda hazijui. Anachojua ni kuwa mtu huyu alichukuliwa na polisi mbele ya wenzake, na nafasi yake imekwisha jazwa. Katika mashauri ya namna hii maneno ya mdomo hayafui dafu. Afisa wa kazi, mahakama ya juu, hata mwajiri mpya, wote wanauliza neno moja: imeandikwa wapi?

Kwa hiyo ni wajibu wa kila mfanyakazi kufahamu kumbukumbu za kesi ni nini, zinakaa wapi, nani ana haki ya kuziomba, na kwa nini asikawie kuziomba.

HAKI HII IMO KATIKA KATIBA

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 28, kifungu kidogo cha 6, inasema kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai, au mtu mwingine aliyepewa idhini naye, ana haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi baada ya hukumu, kwa kulipa ada iliyowekwa na sheria.

Tuyatazame maneno hayo vizuri. Kwanza, ni haki. Si fadhila ya karani wala ya hakimu. Pili, haki hiyo anayo aliyefungwa na aliyeachiliwa pia. Tatu, si lazima uende mwenyewe. Ukiwa gerezani, mgonjwa, au uko safarini, unaweza kumwandikia barua ya idhini mke wako, ndugu yako, au katibu wa tawi lako, naye akaomba kwa niaba yako. Nne, kuna ada, nayo ni ile iliyowekwa na sheria, si ile anayoitaja mtu mlangoni.

USIOMBE HUKUMU PEKE YAKE

Wengi wanapokwenda kortini huomba hukumu tu. Hukumu ni sehemu moja ya faili. Ndani ya faili mna hati ya mashtaka, majibu ya mshtakiwa alipoulizwa kama anakubali au anakana, habari za dhamana, maneno ya kila shahidi pamoja na maswali aliyoulizwa na upande wa pili, orodha ya vielelezo, uamuzi kama kuna kesi ya kujibu, utetezi, hukumu yenyewe, na adhabu ikiwa ipo. Hayo yote kwa pamoja ndiyo yanayoitwa mwenendo wa kesi.

Tuchukue mfano wa mtunza ghala aliyeshtakiwa kwa wizi wa mifuko ya saruji. Barua ya kumfukuza kazi inasema kwamba msimamizi alimwona kwa macho akipakia mifuko usiku. Kortini msimamizi yule yule anaapishwa na kuulizwa, naye anakubali kwamba usiku ule hakuwa zamu. Hakimu anaandika hukumu fupi kwamba ushahidi hautoshi, na mshtakiwa anaachiliwa. Mtunza ghala akichukua hukumu peke yake, ana karatasi inayosema ushahidi haukutosha, na mwajiri atajibu kwamba kukosekana kwa ushahidi wa kutosha kortini si sawa na kutokuwa na kosa kazini. Lakini akichukua mwenendo mzima, ana maneno ya msimamizi mwenyewe, chini ya kiapo, yanayopingana na barua ya kufukuzwa.

Jambo hili ni muhimu kwa sababu kesi ya jinai na shauri la kazi ni vitu viwili. Kuachiliwa na korti hakumrudishi mtu kazini papo hapo. Katika kesi ya jinai kosa lazima lithibitishwe bila kuacha shaka ya maana. Katika shauri la kazi kipimo ni chepesi zaidi. Kwa hiyo mfanyakazi anahitaji maneno ya mashahidi pamoja na tamko la mwisho.

KESI ILIISHA KWA NJIA GANI?

Kabla ya kusema "nilishinda", tazama faili linasema nini. Kesi huisha kwa njia mbalimbali, na uzito wake haulingani.

Kwanza, kuna kuachiliwa huru baada ya kesi kusikilizwa, ama kwa sababu hapakuwa na kesi ya kujibu, ama baada ya utetezi. Mtu wa namna hii hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile, isipokuwa mahakama ya juu iamuru hivyo katika rufani au masahihisho. Hayo yamo katika ibara ya 28 ya Katiba, kifungu kidogo cha 9.

Pili, kuna mashtaka kuondolewa na upande wa serikali. Yakiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, yeye huondolewa mashtaka tu, na sheria haizuii kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Yakiondolewa baada ya kuitwa kujitetea, huachiliwa huru. Mkurugenzi wa Mashtaka pia ana uwezo wa kusimamisha kesi yo yote kabla ya hukumu. Mfanyakazi asidhani kwamba kila aliyetoka kortini kwa miguu yake ametoka na karatasi ya namna moja.

Tatu, kuna kesi ambayo haikufika kortini kabisa. Mtu alikamatwa, akatoka kwa dhamana ya polisi, na faili likafungwa kituoni. Huyu asipoteze siku zake kwa karani wa korti, kwa maana huko hamna kitu. Aende kituo cha polisi kilichomkamata akiwa na namba ya faili la polisi, aombe kwa maandishi aelezwe faili liliishia wapi.

KUTAFUTA NAMBA YA KESI

Katika masijala ya korti mafaili hupangwa kwa namba na mwaka. Jina tu halitoshi, hasa jina ambalo watu wengi wanalo. Namba ndiyo ufunguo. Ukiwa umeisahau, itafute katika karatasi hizi:

1. Hati ya mashtaka. Mara nyingi ina namba mbili: ya korti, na ya polisi yenye herufi CRB. Andika zote mbili.

2. Stakabadhi ya fedha za dhamana, au karatasi alizotia sahihi mdhamini wako. Wadhamini wengi huzihifadhi kuliko washtakiwa wenyewe.

3. Hati iliyompeleka mshtakiwa rumande. Ofisi ya gereza huwa na kumbukumbu ya hati hiyo.

Ukikosa zote, nenda kortini na jina kamili kama lilivyoandikwa katika mashtaka, jina la kosa, mwezi na mwaka wa kwanza kufikishwa mbele ya hakimu, na jina la hakimu kama unalikumbuka. Korti ina daftari la kesi za jinai, na karani anaweza kutafuta humo. Angalia sana namna jina lilivyoandikwa. Polisi huandika walivyosikia, na mtu mmoja anaweza kuwa na jina kwa herufi R katika kitambulisho na kwa herufi L katika daftari la korti.

Ni lazima pia ujue ni korti gani. Uganda kuna korti za Hakimu Mkuu, za Hakimu wa Daraja la Kwanza, na za Hakimu wa Daraja la Pili. Juu yao ni Mahakama Kuu. Makosa mengi yanayowapata wafanyakazi, kama wizi wa mali ya mwajiri, ugomvi, na makosa ya barabarani, husikilizwa na mahakimu. Kama rufani imekwisha katwa, yawezekana faili limepelekwa Mahakama Kuu. Hapo uliza namba na tarehe ya barua iliyolipeleka, ili ulifuate huko.

Hukumu za Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani na Mahakama ya Juu hutolewa bure katika intaneti na shirika liitwalo ULII. Mwanachama mwenye simu anaweza kuzitafuta humo. Lakini kwa kesi ya kawaida ya hakimu, asitegemee kuikuta humo. Aende kwenye masijala ya korti ile ile iliyomhukumu.

BARUA YA MAOMBI

Usiombe kwa mdomo. Andika barua, nakala mbili. Moja iache kortini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ukae nayo. Muhuri huo ndio ushahidi wako kwamba uliomba, na siku uliyoomba. Kwa kuwa lugha ya korti za Uganda ni Kiingereza, katibu wa tawi amsaidie mwanachama kuiandika kwa lugha hiyo. Barua iwe na mambo haya:

Jina la korti na cheo cha anayeandikiwa, yaani Hakimu Mkuu au hakimu wa korti ile. Namba ya kesi, mwaka, na namba ya polisi. Jina la mshtakiwa na kosa. Tarehe ya hukumu. Maneno ya wazi kwamba unaomba nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wote pamoja na hukumu. Sababu ya kuomba: rufani, au shauri la kazi, au kuweka rekodi yako sawa. Kama unataka kukata rufani, sema hivyo wazi, ili ijulikane kuwa siku zinahesabiwa. Mwisho, jina lako, sahihi, namba ya simu, na barua ya idhini ikiwa unaombea mtu mwingine.

Nakala isiyothibitishwa ni karatasi ya kusoma tu. Nakala iliyothibitishwa ina maneno mwishoni kwamba ni nakala ya kweli, pamoja na tarehe, jina na cheo cha ofisa, sahihi yake, na muhuri wa korti. Kabla ya kuondoka dirishani, funua kila ukurasa. Tazama kama kurasa zimefuatana, kama shahidi wa mwisho yumo, na kama muhuri unasomeka.

ADA NA UCHELEWESHAJI

Ada hukadiriwa na korti, kisha hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi. Usipopata stakabadhi, hukulipa korti, ulimlipa mtu.

Kuna sababu ya kweli ya nakala kuchelewa. Mahakimu wengi wamekuwa wakiandika ushahidi kwa mkono, neno kwa neno, na maandishi hayo lazima yapigwe taipu na kusomwa tena kabla ya kuthibitishwa. Hakimu akihamishwa, kazi huzidi kuwa ngumu. Lakini sababu ya kweli isiwe kisingizio cha daima. Ukingoja bila jibu, andika barua ya kukumbusha, ukitaja tarehe ya barua ya kwanza. Usipojibiwa, mwandikie Hakimu Mkuu wa eneo. Bado kimya, peleka malalamiko kwa Ukaguzi wa Korti, ambayo ni idara ya Mahakama yenye kazi hiyo, au kwa Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kila barua iambatane na nakala ya ile iliyogongwa muhuri.

Faili likisemekana limepotea, usikubali kurudi nyumbani mikono mitupu. Omba jibu hilo kwa maandishi. Korti inaweza kuamuru faili lijengwe upya kutokana na nakala zilizoko kwa mwendesha mashtaka, polisi, wakili, na kwako mwenyewe. Ndiyo maana hata hati ya mashtaka iliyokunjika mfukoni isitupwe.

SIKU ZINAHESABIWA

Hapa ndipo wafanyakazi wengi wanapopotea. Kuna saa mbili zinazokwenda kwa pamoja.

Saa ya kwanza ni ya rufani. Uganda, taarifa ya kukata rufani ya jinai lazima iwasilishwe katika siku 14 tangu siku ya hukumu. Usingoje nakala ndipo upeleke taarifa. Taarifa ni karatasi fupi. Sababu za rufani huandikwa baadaye, baada ya kupokea mwenendo. Aliye gerezani anaweza kuipitisha kwa mkuu wa gereza, naye akaifikisha kortini. Siku zikipita, mahakama ya rufani inaweza kuongeza muda kwa sababu nzuri, na barua yako yenye muhuri wa kupokelewa ni sehemu ya sababu hiyo.

Saa ya pili ni ya shauri la kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa aliyefukuzwa isivyo haki miezi 3 tangu kufukuzwa kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Afisa anaweza kupokea malalamiko yaliyochelewa ikiwa mfanyakazi ataonyesha kuwa ni haki kufanya hivyo, lakini usijenge nyumba juu ya huruma. Kesi ya jinai inaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Anayesema "nangoja kwanza korti iniachilie" atakuta miezi yake 3 imekwisha zamani. Peleka malalamiko mapema, eleza kuwa kesi ingali inasikilizwa, kisha leta mwenendo ukipatikana.

Tukumbuke pia kwamba sheria hiyo hiyo inamruhusu mwajiri anayefanya uchunguzi kumsimamisha mfanyakazi kwa nusu mshahara, lakini kwa muda usiozidi wiki 4. Na kabla ya kumfukuza kwa kosa, lazima amweleze sababu na amsikilize, mfanyakazi akiwa na mtu aliyemchagua kando yake. Kukamatwa na polisi hakufuti wajibu huo.

ULIYEKUBALI KOSA ILI UENDE NYUMBANI

Wako wafanyakazi, hasa madereva na mautingo, ambao hukubali kosa ili walipe faini na kuendelea na safari. Na wajue kwamba kukubali kosa ni kutiwa hatiani, na kumbukumbu yake inabaki. Tena rufani ya aliyekubali kosa mbele ya hakimu ni nyembamba: anaweza kulalamika tu kwamba kukubali kwenyewe hakukufuata sheria, au kwamba adhabu imezidi au si halali.

Hata hivyo, mlango huo mwembamba umewaokoa wengi. Mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan, ilieleza hatua ambazo hakimu lazima azifuate. Shtaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe, kwa kadiri iwezekanavyo, kama alivyoyasema. Mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea. Mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Akiyapinga, iandikwe kwamba amekana. Mahakama ile haipo tena tangu Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, lakini kanuni hiyo ingali inafuatwa katika nchi zote tatu.

Sasa, utajuaje kama hatua hizo zilifuatwa? Kwa kusoma mwenendo. Kama ukurasa hauonyeshi lugha iliyotumika, wala jina la mkalimani, wala maelezo ya mambo yalivyotokea, mwonyeshe wakili ukurasa huo. Katiba inampa mshtakiwa asiyefahamu lugha ya korti mkalimani bila malipo.

KWA WANAOVUKA MIPAKA

Dereva wa lori anaweza kushtakiwa mbali na kwao. Afahamu kwamba kumbukumbu hubaki katika korti ya nchi ile, nayo huombwa huko huko, kwa sheria ya huko.

Kenya: Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya nakala ya mwenendo katika muda unaofaa baada ya kesi kwisha, kwa ada isiyopita kiasi. Rufani hukatwa katika siku 14. Aliyechelewa kwa sababu korti haikumpa nakala alizoomba, sheria inaamuru rufani yake ipokelewe.

Tanzania Bara: katika korti za wilaya na za hakimu mkazi, taarifa ya nia ya kukata rufani ni siku 10, na rufani yenyewe siku 45, bila kuhesabu siku za kungojea nakala. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30.

Kabla ya kuondoka katika mji wa korti, dereva ahakikishe ana namba ya kesi, jina la korti, na stakabadhi ya faini. Kurudi baadaye kutafuta vitu hivyo ni gharama ya safari nzima.

KAZI YA TAWI

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila tawi liwe na daftari la wanachama walioshtakiwa: jina, korti, namba, tarehe ya kila hatua, na tarehe barua ya maombi ilipopokelewa. Katibu aandike siku 14 na miezi 3 kwa wino mwekundu. Nakala iliyothibitishwa ikipatikana, itolewe kivuli, na ile ya asili akae nayo mwanachama. Daftari hilo lifungiwe kabatini, kwa kuwa habari za mashtaka ya mtu si za kusomwa na kila apitaye. Asiyemudu wakili apelekwe kwa wanaotoa msaada wa sheria, kama mradi wa msaada wa Chama cha Wanasheria cha Uganda, au FIDA kwa akina mama.

Ndugu mfanyakazi, hakimu akisoma hukumu leo, kesho asubuhi uwe masijala na barua yako mkononi. Ukishindwa, siku zako zinahesabiwa. Ukishinda, ushindi wako uandikwe, ugongwe muhuri, uwe nao.